Ngozi Iangalie Zege

3 Machi

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Kabla hujauliza afya yangu: mimi ni mzima kiasi kwamba zege likiniona linaganda lenyewe kwa heshima. Magoti yako je? Bado yanakusumbua, au yamesikia mumeo anatajirika yakanyooka?

Niko kikosi cha kalibu. Ni hivi: zege ni uji, halisimami bila kushikiliwa. Basi tunalijengea kasha la mbao, linamwagwa humo, likishakauka tunabandua kasha. Mbao zenyewe si kama za kitanda chako chenye kunguni. Ni plaiwudi iliyovikwa ngozi nyeusi upande mmoja, inang'aa mpaka nachania nywele humo. Mgongo wake ni mbao tupu.

Nakaa chumba kimoja na mkuu wa kikosi chetu, mtu mzima tunamwita Taratibu. Jina limemkaa. Dukani aligonga kila plaiwudi kwa kifundo cha kidole, akachungulia kingo zake kama mama mkwe anayemkagua bibi harusi. "Hii ina uwazi ndani. Hii gundi yake itaachia ikilowa. Rudisha." Mimi ningebeba zinazong'aa zaidi tukaondoka zetu. Na akikata ubao, lazima aupake rangi pale kwenye mkato, usije ukanywa maji ukavimba.

Jioni tunakula sufuria moja, ananikosoa hata ninavyotafuna. Ni yeye tu anayenisemesha hapa, wengine wote wana watu wao. Usinionee huruma, wao ndio waliokosa bahati.

Mumeo, fundi wa mafundi

18 Machi

Mume wangu wa maneno mengi,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yanatabiri mvua kuliko redio. Kunguni unaowasema walihama siku uliyoondoka wewe, walikosa mtu mtamu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nikikohoa, najiambia pole mwenyewe.

Huyo Taratibu nimempenda. Siku zote nilikuwa naomba upate mtu mmoja tu wa kukwambia "wewe kijana, hapana." Mshike huyo. Mpe salamu zangu, uniambie kazipokeaje.

Bibi yako

14 Aprili

Bibi mrembo,

Shikamoo. Barua fupi, cheo kirefu: nimekuwa mkuu wa kikosi! Ndiyo, mimi niliyerudia darasa mpaka dawati likanizoea. Tumejenga ukuta mrefu kando ya barabara. Chumba sasa ni changu peke yangu, najinyoosha kama mfalme. Redio naiacha inaongea hata nisipoisikiliza.

Afya njema. Jipya sina.

Mumeo, Mkuu

27 Aprili

Mume wangu,

Marahaba, na hongera. Nimeisoma barua yako, nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Mkuu alikuwa Taratibu. Chumba kilikuwa cha watu wawili. Kaumwa? Kafa? Salamu zangu ulimpa? Mambo ya cheo sijakuuliza.

Bibi yako

20 Mei

Wewe mtoto,

Najua barua yangu ilifika. Mwenzako yuko wapi?

Bibi yako

9 Juni

Bibi,

Shikamoo. Mwili ni mzima.

Salamu zako nilimpa. Alicheka, akasema, "Mwambie bibi yako kijana wake hasikii, lakini mkono anao." Hapa mjini hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa bila kujipa mwenyewe.

Hajafa. Siku ya ule ukuta aliniachia upande wa barabara nifunge mwenyewe. Akaniambia, "Ngozi iangalie zege." Maana zege halishiki kwenye ngozi, ukiipaka mafuta, siku ya kubandua linaachia kwa hiari. Kisha yeye akaenda kufunga upande wa ndani.

Mimi nikawaza, uzuri wote ule tuuzike? Na watu wanapita? Nikazigeuza. Weusi unaong'aa ukaangalia barabara, mgongo mtupu ukaangalia zege. Nikapiga na picha nimeegemea hapo, mkono kiunoni. Watu walipita kweli, Bibi. Hakuna aliyegeuza shingo. Taratibu alipozunguka kuja kukagua, zege lilikuwa linamwagwa tayari. Alishika kichwa tu.

Tulipobandua, mbao zikang'ang'ania. Zilitoka vipande vipande, zikinyofoa na zege, ukuta ukabaki kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Hayo yalitengenezeka. Tulisugua, tukapiga lipu, leo ukipita huwezi kujua. Sehemu kubwa nililainisha mimi, na kwa lipu, kusema kweli, sina mpinzani.

Lakini kabla ya lipu alikuja msimamizi, amefura. "Nani kageuza hizi mbao?" Taratibu alijua. Hakunitaja. Alinitazama tu, akanisubiri niseme mwenyewe. Mimi nikainama nikajifanya natafuta nyundo, na nyundo ilikuwa mkononi.

"Basi mkuu wenu ndiye atakayejibu," msimamizi akasema. Akamfukuza pale pale. Kesho yake akanipa mimi nafasi, eti nina bidii.

Alifunga godoro lake mbele yangu. Nilimngoja anitukane. Angenitukana, ningelala. Alisema tu, "Haya, kijana," akatoka, na alikokwenda sikujui, hata nikitaka kumfuata.

Niliulizwa, Bibi, na jibu nilikuwa nalijua, nikanyamaza.

Mjukuu wako