Vipimo Kumi na Sita Visivyo vya Marehemu

Jumapili, 6 Julai 1997

Sijamwambia mtu. Si Mama, si padri kwenye kitubio, si Immakulata, anayelala kitanda cha juu yangu na anayejua hata idadi ya soksi zangu. Naandika hapa kwa sababu daftari halicheki.

Vile vipimo kumi na sita vya muziki wa selo, kwenye sehemu ya polepole, ukurasa wa kumi na moja — nilivitunga mimi.

Haya. Nimeandika. Mbingu haijaanguka. Maji tu hayatoki bombani, kama kawaida.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili lilikuja sanduku kutoka Ubelgiji. Shule ilikuwa imeomba vitabu vya fizikia. Tukapata nota! Muziki wa sebuleni wa karne ya kumi na nane, wa fidla, selo na besi, umechapwa upya kwa karatasi nzito kuliko cheti changu cha ubatizo. Kitabu kikubwa chenye sauti zote pamoja hakikuwamo. Vijitabu vitatu tu, kila chombo na chake.

Selo, ile fidla kubwa ya kushikwa magotini, tunayo, maana tunaye Mwalimu Reverien, mkimbizi wa Burundi, anayekaa chumba cha nyuma ya karakana kwa kibali cha kutoka kambini Kibondo. Fidla hatuna. Immakulata anapiga fidla kwa mkono wa kulia na besi kwa mkono wa kushoto, kwenye kinanda cha kanisa. Kichwa amebaki nacho cha kunitania mimi.

Sasa, shuleni kwetu kitu kizuri hakitumiki. Sista Evarista, mkuu wa shule, alizitazama nota zile, akasema ni nzuri mno, zifungiwe kabatini pamoja na ramani ya dunia na mpira mpya. Tupige kwa nakala za mkono. Nani ana mwandiko mzuri? Wote wakanigeukia. Ndiyo tuzo ya kukaa kimya: unapewa kazi.

Mwezi wa tano nikatumwa sokoni Kasulu kununua wino. Nikabeba na kijitabu cha selo — msomi gani huachana na kazi yake? Nikanywa chai kwa Mama Siti, muuza maandazi. Nikaenda kunawa mikono. Kurudi, nusu ya chini ya ukurasa wa kumi na moja (nyuma yake patupu, bahati) imeondoka na maandazi ya mteja.

Mama Siti akashangaa kuona napekua karatasi zake za kufungia. Alidhani karatasi tu, mwanangu, ina madoadoa, haina hata neno moja.

Mtu mwenye akili angesema siku ile ile. Mimi nilichukua fidla ya juu, nikachukua besi ya chini, nikajaza katikati. Wiki mbili. Kwa mwandiko mzuri sana. Kijitabu kikarudi kabatini, kufuli likafungwa. Hakuna aliyekifungua tena. Kizuri mno.

Jumatano, 9 Julai 1997

Mazoezi. Immakulata bado anaamini kwamba tarakimu zilizo chini ya nota za besi ni za vidole. "Mwalimu, hapa pameandikwa saba. Huyu bwana alikuwa na vidole saba?" Mwalimu Reverien alicheka mpaka akaikumbatia selo isianguke. Akaeleza kwa mara ya tatu: zinamwonyesha mpigaji sauti za kujaza juu ya besi. Mimi nilielewa mara ya kwanza. Ndiyo maana niko matatani.

Tukafika ukurasa wa kumi na moja. Akafumba macho, akapiga mpaka mwisho, akateremsha upinde.

"Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu kwa Kirundi chake, "umesikia? Hapa huyu bwana alikuwa amefiwa."

Naam. Alikuwa amefiwa na nusu karatasi.

"Wewe waonaje, Vestina?"

"Ni... pazuri, Mwalimu."

Nimejisifu mbele ya watu, na nimesifiwa kwa unyenyekevu! Immakulata akasema, "Profesa kaona haya, kama vile kasifiwa yeye."

Selo ile Mwalimu aliibeba mgongoni akikimbia Burundi mwaka tisini na tatu, imefungwa kwa shuka jeupe. Njiani watu walimpisha, wakidhani ni jeneza la mtoto. Hakuwasahihisha. Mke na binti yake hawakufika mpakani. Haya hayasemi yeye. Kayasema mpishi, Mzee Nsabimana.

Nikikumbuka hilo, ule mzaha wa nusu karatasi haunichekeshi sana.

Jumamosi, 19 Julai 1997

Nimesoma tena dibaji ya zile nota. Niliinakili yote mwezi wa nne, kwa raha zangu tu. Nadhani hakuna mtu duniani aliyewahi kuisoma isipokuwa mimi na mhariri aliyeiandika. Tungefaa kuoana.

Mhariri ni daktari wa muziki, na ni mtu wa wasiwasi. Kila alichoongeza amekitia kwenye mabano madogo. Upinde wa kuunganisha nota, kama si wa marehemu mtunzi, ameukatakata vijistari ili usidanganyike. Na mahali panya walipotafuna maandishi ya kale, anasema: hapa vipimo viwili havipo, nimevijaza mwenyewe kwa kufuata besi, na mpigaji mwenye wazo bora zaidi atumie la kwake.

Vipimo viwili! Na ameomba radhi robo ukurasa, kwa lugha tatu.

Mimi kumi na sita, na sina hata nukta ya kuomba radhi. Yeye panya, mimi maandazi. Kazi ni ile ile. Tofauti ni mabano.

Jumatatu, 28 Julai 1997

Nimekwisha.

Mwalimu Reverien alikuja darasani wakati wa mapumziko, barua mkononi, anatembea kama bwana harusi. Kumbe mwezi wa sita aliwaandikia wale Wabelgiji kuwashukuru. Na hakushukuru kama watu wanavyoshukuru, kwa salamu na kuwatakia afya njema. Alieleza kurasa! Alisifu ukurasa wa kumi na moja!

Wamejibu. Mama mmoja wa kamati yao, ambaye naye hupiga selo, anakuja tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa. Atabeba kitabu kizima, chenye sauti zote. Anatamani mno kusikia vile vipimo, maana yeye amepiga muziki huo miaka thelathini na hakumbuki kitu kama hicho mahali hapo.

Bila shaka hakumbuki.

Na si hilo tu. Kibali cha Mwalimu kinaisha tarehe thelathini na moja Agosti. Kuna chuo cha ualimu kinachotaka mwalimu wa muziki, na mkuu wa chuo amesema atamwombea kibali kipya iwapo huyu mama atathibitisha kwa maandishi kwamba anaijua kazi. Akithibitisha, anabaki. Asipothibitisha, anarudi kambini, na selo yake, kwenye hema.

Akaniambia, "Nakala yako ndiyo itakayoniombea, mwana wanje."

Nikasema asante. ASANTE! Kwa nini nilifundishwa adabu?

Alhamisi, 31 Julai 1997

Nilikwenda mpaka mlango wa karakana kumwambia. Nilikuwa nimeandaa sentensi sita. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akasema, "Marahaba." Nikaondoka.

Jumanne, 12 Agosti 1997

Nimeomba ruhusa ya kwenda zahanati. Nikaenda kwa Mama Siti.

"Karatasi ya mwezi wa tano?" Aliita majirani wote wa sokoni waje wamwone mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayetafuta karatasi ya maandazi. Muuza chumvi Nurudini akauliza kama nimemaliza kusoma vitabu vya shule sasa nimeanza takataka. Wakacheka. Kisha Mama Siti akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitafukuzwa shule.

"Si mimi, Mama. Ni mwalimu wangu."

"Anajua?"

"Hajui."

"Basi mwanangu, unatafuta karatasi ya nini? Katafute mdomo."

Akanipa maandazi mawili. Yamefungwa kwa ukurasa wa hesabu za mtoto wa darasa la tano. Nimezikagua. Zote kakosa.

Ijumaa, 15 Agosti 1997

Saa kumi na moja kasoro. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Ndani wako Mama mgeni, Sista Evarista na Mwalimu Reverien. Mlango umefungwa. Immakulata amekuja mara mbili kuniuliza kama nimekuwa sanamu. Safari ya tatu hakuuliza, alikaa tu.

Selo imelia humo ndani. Kwanza vipimo vyangu. Kisha kitu kingine, mahali pale pale, juu ya besi ile ile — ndivyo vya marehemu vyenyewe, sasa nimevisikia kwa mara ya kwanza. Ni vizuri. Ni vyepesi, havilii kabisa! Huyu bwana hakufiwa na mtu. Kisha vyangu tena, polepole. Sasa wanaongea Kifaransa, na Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour.

Sijui wanaamua nini. Naandika nilichofanya mimi, hicho tu.

Baada ya Misa nilikwenda ukumbini kabla ya watu. Nakala ilikuwa kwenye stendi. Nilichukua peni nyekundu na rula. Nikaweka mabano mwanzoni mwa kipimo cha kwanza na mwishoni mwa cha kumi na sita. Chini nikaandika, kwa mwandiko mdogo kama wa mhariri: "Hapa karatasi ilipotea kwa uzembe wa mnakili. Vipimo hivi vimejazwa naye kwa kufuata besi. Mwalimu hakujua. V. Ndayisenga, Kasulu, 1997." Nafasi ya robo ukurasa wa radhi haikuwapo, nikaishia hapo.

Mwalimu Reverien akaingia na selo. Sikusema shikamoo. Nikamwonyesha kwa kidole.

Alisoma. Akasoma tena. Alikaa akaupaka upinde ulimbo, muda mrefu kuliko upinde unavyohitaji. Mgeni alikuwa tayari mlangoni, anapokewa na Sista, kitabu cha njano kwapani.

"Ulitunga hapa ulipokuwa na huzuni gani?" akaniuliza.

"Sikuwa na huzuni, Mwalimu. Nilikuwa naogopa."

"Bon. Haya," akasema. Hakucheka, hakukasirika. Akaiweka nakala kwenye stendi, ukurasa wa kwanza, wekundu ukisubiri ndani. Naweza kuapa aliigeuza kidogo upande wa kiti cha mgeni.

Mgeni akaketi. Akafungua kitabu chake. Immakulata akaanza, mikono miwili, vyombo viwili. Mimi ndiye mfungua kurasa za Mwalimu. Nilisimama kulia kwake. Ukurasa wa nane. Wa tisa. Wa kumi ulipofika mstari wa mwisho, mkono wangu ukagoma. Mwalimu angeweza kuruka. Angeweza kurudia sehemu ya kwanza, mgeni asingeona wekundu wowote. Alinitazama, upinde bado unatembea, akainamisha kichwa mara moja.

Nikafungua ukurasa.