Rozmari za Mama Perina

Jumapili, 20 Julai 2003

Moshi tena nyuma ya kilima. Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili. Lukša ameitwa na wenzake wa zimamoto ya kujitolea kabla hajamaliza viazi. Mume wangu na sahani yake hawaagani siku hizi!

Jerko, mkuu wao, alisimama getini akakitazama kichaka cha rozmari kilichoegemea ukuta mzima hadi madirishani. Akasema kina mafuta kuliko taa, kikishika moto nyumba haina dakika kumi. Kikatwe. Mama mkwe wangu, Perina, akamjibu kutoka jikoni: "Kanyoe masharubu yako kwanza!"

Nilicheka. Kisha nikasugua jani moja kati ya vidole, vikanata. Sijacheka tena leo.

Jumatatu, 21 Julai

Moto umelala, wanasema. Mimi sijalala.

Nimemwambia mama mkwe kwa upole kwamba tukate. Akanishika mkono, akanipitisha kwenye kichaka kama vile miaka tisa hii sijawahi kukiona. Siku ya harusi yake kila mgeni alibandikwa kijitawi cha rozmari kifuani, kama ilivyo desturi ya huku pwani. Asubuhi yake yeye akaviokota vyote, akavichomeka ardhini kando ya ukuta. Watu walimcheka. Vikashika, vikachipua. Cha karibu na mlango wa jikoni ni cha marehemu mumewe, Ante. Hukisalimia akienda kumwaga maji.

"Nyinyi watu wa bara mnaona kuni," akaniambia. "Unataka nimkate Ante?"



Jumanne, 22 Julai

Joto. Upepo. Jivu kwenye shuka nilizoanika.

Jumatano, 23 Julai

Kijiji cha pili kimeungua nyumba tatu. Tatu! Lukša alipita kunywa maji, nyusi zimeungua. Hakuketi. Mama mkwe alimfuta uso kwa kitambaa, akakitazama kile kitambaa, cheusi kwa masizi.

Baada ya mwanawe kuondoka akatoa mkasi wa kupogolea mizabibu. "Kesho," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimkumbatia, akanisukuma: "Usinililie, bado sijafa."

Alhamisi, 24 Julai

Tumekata tangu alfajiri. Ante alikatwa na mama mkwe mwenyewe, mwisho kabisa, akabakiza kisiki na kijitawi kimoja.

Nilitaka tupeleke matawi bondeni. Weee! Akawaka. Rozmari haitupwi katika nyumba hii. Ya kuweka kwenye samaki, ya kuchemsha tuoshee nywele, ya mwanakondoo wa Pasaka. Basi tukafanya kama kila mwaka: tukafunga vitita, tukavitundika darini vikauke. Sitini na vinne. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga. Juu kule kuna joto kama tanuri, vitakauka kwa siku mbili, akasema kwa furaha.

Ukuta uko wazi, mweupe, wa aibu kidogo. Leo nitalala!

Ijumaa, 25 Julai

Lukša alipita. Akaona ukuta, akanibusu mbele ya mama yake. "Vinka, umemwezaje huyu?" Mama mkwe akamrushia kitambaa. Lukša hakuuliza matawi yako wapi. Hata mimi sikufikiria kumwambia.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika kanisani, bandarini. Naandikia gotini, sijui kama nitaweza kusoma haya baadaye.

Saa sita mchana moto umevuka kilima. Jerko kapiga honi, wanawake na wazee wote washuke. Tukashuka, mimi nikibeba begi, mama mkwe picha ya Ante. Tumeketi benchi la tatu. Nyuma yetu mzee mmoja akawa anasimulia jinsi zile nyumba tatu zilivyoungua. Moto haukuingia mlangoni, akasema. Cheche zilipita chini ya vigae, zikashukia majani makavu yaliyokuwa darini.

Nikasema — kwa nini nilisema! — "Mama, vitita."

Aliweka picha juu ya benchi. Akasema anaenda kunywa maji pale mlangoni. Nikamwamini. Nilikuwa nahesabu siku: Alhamisi, Ijumaa, leo. Siku mbili. Vimeshakauka.

Nilipoinua kichwa hayupo mlangoni. Hayupo uwanjani. Muuza samaki amemwona akipanda njia ya nyumbani, kilemba mkononi, mbio, na miaka yake sabini na mmoja! Nimemfuata mpaka kwenye kizuizi. Vijana wa zimamoto wamenirudisha, nimemuuma mmoja mkono. Wamesema watamwarifu Jerko. Redio yao inakoroma tu.

Vidole vyangu bado vinanuka rozmari. Naogopa. Mungu wangu, naogopa.

Lukša ameingia. Mzima! Mweusi uso mzima, anacheka, anakuja kati ya mabenchi. Ananipigia kelele kutoka mbali nisiwe na wasiwasi. Wameliondoa gari la maji kwetu, anasema, wamelipeleka nyumbani kwa akina Jerko, kwa sababu nyumba yetu haina tena cha kuungua.

Ameiona picha ya baba yake kwenye benchi. Ananiuliza mama yuko wapi.