Jumamosi Mbili za Mwisho za Baba Uwanjani

Jumanne, 5 Agosti

Nimefua tangu asubuhi. Nepi za Baraka, sweta ya Imani, ovaroli ya mume wangu Fred imejaa simiti. Nimeanika, mvua ikaja, nikaanua. Mtaa wote wa Amalemba tulikuwa tunakimbizana na kamba za nguo.

Baba amepiga simu kutoka kwetu Khayega. Bega limekataa. Atapigia ng'ombe wa kupigana ngoma Jumamosi hii na ile ingine, halafu isukuti, hiyo ngoma yake, anawaachia vijana. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema ameuza kuku. Mimi nikakaa chini kwa karai.

Nataka Imani amwone babu yake akipiga. Ana miaka mitano, atakumbuka. Baraka bado ananyonya, huyo atasimuliwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechoka lakini kichwa kimekataa kulala. Kiko Khayega.

Baba alikuwa ananibebanga mabegani, umande bado uko kwa nyasi. Dume linatoka boma, wanaume wamelizunguka wanaimba, filimbi, pembe, na baba mbele na ngoma kwapani. Ilikuwa inanigonga kifuani kabla masikio hayajasikia. Niliamini dume linapigana kwa sababu baba amelituma.

Likishindwa, ngoma zetu zinanyamaza papo hapo. Baba anasema, "Leo tumepigwa. Twende tukalime." Tunalima kweli. Mpaka leo nikikosa kitu najiambia hivyo.

Nimemfundisha Imani wiki nzima: ngoma ikienda, na sisi tunaenda. Anaimba hivyo mpaka chooni.

Fred yuko mjengo Webuye, hurudi Jumamosi usiku. Amekubali kwa simu. "Lakini mkono wa huyo mtoto usiuachilie." Alirudia, kama mimi ndiye mtoto. Niliudhika.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliuachilia.

Uwanja ulijaa mpaka watu wamekaa juu ya miti. Baba alipiga na bega lake hivyo hivyo, jasho likimtiririka, nikalia kama mjinga. Dume letu, Tingatinga, liliinamisha kichwa vizuri kukabili lile la ng'ambo ya mto. Baraka naye akaanza kupiga kelele mgongoni. Nikamfungua nimnyonyeshe. Leso inataka mikono miwili.

Hapo hapo Tingatinga akageuka akakimbia. Watu wakatawanyika. Nilipoinua macho, Imani hayuko.

Sijui nilipiga kelele gani. Baba aliweka ngoma chini katikati ya uwanja, akaiacha, akakimbia. Sijawahi kuona akiiacha ngoma.

Tulimpata mbali, ng'ambo ya mto, kwa boma la walioshinda. Dume likishinda, watoto wote wanalifuata mpaka kwao, hata mimi nilikuwa nafanya hivyo. Ngoma zetu zilinyamaza, za walioshinda zikaondoka. Imani akazifuata. Si ndivyo nilivyomfundisha? Sikumwambia kuna ngoma zetu na za wengine.

Alikuwa anacheza, kipande cha muwa mkononi. "Mama, tumeshinda!"

Nikainua mkono nimchape. Mama mwenye boma akanishika. "Wacha, mama. Huyu amecheza kuliko wa kwetu wote. Tulitaka tubaki naye."

Watu wakacheka. Mimi nikaushika mkono wa Imani.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Fred mwenyewe, kabla Imani hajamwambia. Hakupiga kelele. Alimaliza ugali, akatoka kurekebisha mlango ambao haukuwa na shida. Aliporudi akasema, "Nilikuomba kitu kimoja."

Sikujitetea. Ni kweli.

Jumatano, 13 Agosti

Baba hataenda Jumamosi. Mama amenong'ona kwa simu kwamba ngoma ameifungia stoo. Anasema kama mtoto angepotea, angewaangalia watu wa Lugari na macho gani? Huko ndiko kwao Fred.

Basi Jumamosi yake ya mwisho nimeila mimi. Miaka yote ile, na inaishia kwa aibu ya mtu mwingine.

Nikaomba nipewe baba. "Baba, kosa ni langu, si la ngoma." Akauliza kama Baraka ameota jino. Ndiyo jibu.

Imani nimemweka chini. Ngoma ni tamu, lakini mama kwanza. Ukinikosa, simama hapo hapo, usifuate mtu. Akanirudishia maneno yote. Nikamwambia rudia tena. Akalia. Akarudia.

Ijumaa, 15 Agosti

Fred amefika leo, hajangoja kesho. Amenawa, amechukua simu, amempigia baba mwenyewe. Nilizima jiko nisikie.

"Mzee, mimi nimekulia kwa mahindi. Kwetu ng'ombe ni maziwa tu. Hii yenu ya kupigana nimesikia kwa watu. Kesho nani atanionyesha?"

Baba hawezi kumnyima mkwe. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Hata kama Fred angeomba nyumba, wangeanza kutoa vitanda.

"Basi kuja mapema," baba akasema.

Fred akanirudishia simu bila kuniangalia. Nikamwongezea mboga.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeenda wote. Fred alimbeba Imani mabegani, akamshika miguu yote miwili. Baraka alilala mgongoni kwangu. Mikono yangu haikuwa na kazi, sikujua niiweke wapi. Baba alipoanza kupiga, mabega yakaanza yenyewe. Sijacheza hivyo tangu niolewe. Baraka hakuamka.

Tingatinga alishindwa tena. Ngoma ikanyamaza. Baba aliifuta na kofia yake, akamvisha kijana wa jirani mkanda wa ngoma begani, akaukaza kidogo. Hakusema leo tumepigwa. Hata mimi sikusema.

Tulitembea polepole mpaka nyumbani kwake. Mama alikuwa ameweka chai. Baba alishika kikombe na mkono wa kulia, bega likakataa, akahamishia kushoto. Imani alienda akakaa upande huo wa kulia, akaegemeza kichwa pale pale penye bega baya, akasinzia.

Baba hakusema linauma.