Kiwango cha Chini

Alhamisi usiku

Kumbe mwaka mzima nimekuwa nikilipa riba tu! Stetimenti ya kadi ya mkopo ikija, natafuta palipoandikwa "kiwango cha chini cha kulipa", natuma hicho, nalala. Nilidhani ni kama mchango wa chama: ukitoa kilichopangwa, hakuna anayekudai.

Leo karani wa benki ameweka kidole mstari wa juu. "Madam, deni ndilo hili. Halijasogea."

Tenti na chakula cha mazishi ya Baba kule Pap Onditi, bado navilipia.

Nimefika nyumbani nikamkuta kaka yangu Odhiambo na Mama, wanapanga ukumbusho wa Baba.

"Akinyi, ile kadi yako bado inafanya?" Odhiambo akauliza.

Mama alikuwa ananitazama. Nikasema inafanya.