Mrija wa Lusahunga

Jumatatu, 3 Juni

Oili nimebadilisha. Plagi nimesafisha. Cheni imelegea tena, nimeikaza hadi mwisho. Haina pa kukazwa zaidi. Inatakiwa mpya. Kesho.

Vipindi vitatu leo, Kidato cha Nne, sababu za ukoloni. Wananakili tu. Hakuna anayeuliza. Nikawakaripia kwa kutokuuliza, wakanakili na karipio.

Ramadhani kapiga simu kutoka Biharamulo. Chakula cha mchana Jumamosi, Lusahunga, kwa Mama Zena, saa sita. Anasema wote watakuja. Wote siku hizi ni watatu: yeye, Faustini na mimi. Tulikuwa wanne. Tunajuana mwaka wa ishirini sasa, tangu kila mmoja alipokuwa na pikipiki ya kazi na barabara ya kuitukana. Faustini bwana shamba na Ramadhani fundi wa mashine za kusaga, wote wa Biharamulo, Sabas katekista wa Murukulazo, mimi mwalimu hapa Ngara. Kila mwaka mara moja tunakutana katikati, tunakula, tunageuza. Mwaka jana hatukukutana. Kisa ni mimi.

Faustini anahama. Amestaafu, anakwenda kuishi Songea kwa binti yake. Lori la vyombo linaondoka Jumapili alfajiri. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya mwisho.

Lazima nimwambie.

Jumanne, 4 Juni

Sikununua cheni. Tangu nitoke shule nimekaa mezani nikimjibu mtu mmoja aliyeandika gazetini kwamba watoto wa huku hawajui kusoma kwa sababu ya uvivu. Kurasa saba. Nimemvua nguo. Nimemwonyesha kwamba mtoto anayeota kwa Kihangaza hawezi kufundishwa herufi kwa lugha ya ofisini siku ya kwanza akaitwa mvivu siku ya pili. Ni kazi nzuri. Hawataichapa.

Mke wangu kapita nyuma ya kiti, kasoma mistari miwili. "Huyu naye amekukosea nini?"

Kurasa saba kwa mtu nisiyemjua sura. Kwa Faustini sina hata mstari.

Alhamisi, 6 Juni

Niandike sasa, angalau humu.

Tuna desturi yetu. Tukimaliza kula, Mama Zena analeta kibuyu kimoja cha mutobe, maji ya ndizi mbivu kabla hayajachachuka, maana tunaendesha. Mrija ni mmoja. Unazunguka kuanzia kwa mdogo hadi kwa mkubwa, na haondoki mtu mezani kabla haujamfikia kila mmoja. Waliogombana hawanywi mrija mmoja mpaka wamalize maneno yao. Ndivyo wazee wetu walivyofanya kwenye pombe, sisi tukaihamishia kwenye mutobe. Mimi ndiye niliyeipendekeza. Niliitolea hotuba.

Miaka miwili iliyopita, Agosti. Mrija ulinifikia mimi saa nane kasoro. Faustini akasema neno, kwamba Kiswahili kinatosha, Kihangaza kibaki nyumbani. Nikaanza. Mrija mkononi. Nilikuwa nauelekeza kwake kama fimbo ya ubaoni. Sabas alitazama jua mara mbili. Alikuwa na ibada ya jioni Murukulazo. Hakuinuka, kwa sababu mrija haukuwa umemfikia. Ramadhani akanirushia utani: "Mwalimu, nyonya au achia, huo si kipaza sauti." Wakacheka. Nikaendelea.

Tuliinuka saa kumi na moja.

Faustini, kwa ukubwa wake, akasema, "Haya twendeni, bado panaonekana." Alisema hivyo tu. Kwenye mteremko wa Benaco giza lilikuwa linaingia, na lori lilikuwa limekufa njiani bila tawi hata moja nyuma yake. Sabas alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma, nikipanga hoja nilizosahau kumwambia Faustini.

Wiki ile niliandika waraka. Niliandika kwamba mkubwa wetu ndiye aliyetoa ruhusa, na aliyetoa ruhusa ndiye aliyeua. Niliutuma kwenye kundi letu la simu. Kwenye matanga ya Sabas nikausoma mbele ya mjane wake. Mwishoni nikaweka sheria, kwa maandishi ya kukoleza: saa nane kamili kila mmoja awe juu ya pikipiki yake, na asisubiriwe mtu, awe nani.

Saa tatu za mdomo wangu sikuziandika. Faustini alikuwepo mezani, alijua. Ramadhani alijua. Hakuna aliyenijibu. Nikauita ukimya wao ushindi.

Nilihitaji mtu wa kumtupia. Ndiyo hivyo, hakuna falsafa hapo.

Ijumaa, 7 Juni

Muuza vipuri yuko msibani, duka limefungwa. Siku nne nilikuwa na nafasi ya kununua cheni. Itafika hivyohivyo.

Sentensi nimeipata. "Faustini, aliyetuchelewesha siku ile ni mimi." Maneno sita. Nitayasema kabla ya chakula, nikiwa nimesimama. Bila utangulizi. Bila "lakini". Halafu mrija uzunguke.



Jumamosi, 8 Juni

Lusahunga, gesti nyuma ya maegesho ya malori. Sijavua buti.

Niliondoka saa mbili, ukungu ulipopanda vilimani. Baridi. Barabara tupu, mimi nikirudia maneno sita ndani ya helmeti. Saa tatu nilikuwa mteremko wa Benaco. Nilitaka kupita bila kutazama.

Kulikuwa na lori. Si pale hasa, hatua mia mbili chini yake, kwenye kona, limeegemea tairi lililopasuka. Nyuma yake hakuna pembetatu. Hakuna tawi. Dereva yuko chini ya bodi anakaanga vitunguu kwenye jiko la mchina.

Nilisimama. Ningekuwa mtu gani nisingesimama?

Nikamwambia akate matawi. Akasema pembetatu yake iliibwa Kahama. Nikamwambia Kahama hawajaiba miti. Akacheka, akaniambia, "Mzee, chukua kitunguu upoe." Nikaazima panga kwa mama aliyekuwa analima kando ya barabara, nikijitambulisha mwalimu mwenye safari ya haraka, nikakata mwenyewe, nikayalaza mpaka juu ya kona. Dakika ishirini. Kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki.

Ndipo aliposema, bila hata kuinua macho kwenye sufuria: "Na nyie wa pikipiki mnakufa kwa mwendo wenu, halafu mnatafuta wa kumlaumu."

Nikazima.

Nilisema nini? Kila kitu. Malori, mizigo ya nchi tatu inayopita juu ya vichwa vyetu, mashimo tunayoachiwa, wajane wetu. Watu walikusanyika. Mama mwenye panga aliacha jembe lake. Kijana wa bodaboda akawa ananipigia makofi kila nilipovuta pumzi. Dereva naye hakuwa bubu: "Mzee, wewe ni mbunge au umekosa kazi?" Nikapanda jiwe. Nilipanda jiwe, miaka hamsini na minne, nikahutubia kona ya barabara. Niliongea vizuri. Sijawahi kuongea vizuri hivyo.

Mama yule ndiye aliyenishusha. "Mwalimu, si ulisema una safari?"

Saa sita na nusu.

Matawi yalichukua dakika ishirini. Yaliyobaki yalikuwa maneno yangu. Tena. Kwenye mteremko uleule.

Niliendesha kama mwehu. Mashimo mengine niliyaruka, mengine yaliniruka. Cheni inagonga kava. Simu ilikuwa ndani ya begi, chini ya koti la mvua. Baadaye nimeona Ramadhani alipiga mara nne.

Kwa Mama Zena niliingia saa nane na dakika ishirini. Meza yetu ilikuwa na sahani tatu, moja imefunikwa. Kibuyu katikati, kimejaa. Mrija umelazwa kando yake juu ya jani la mgomba, mkavu.

Mama Zena alinitazama kama mgonjwa. "Wamekusubiri sana, Mwalimu. Mzee Faustini aliushika huo mrija tangu saa saba. Ramadhani akamwambia nyonya, huyo atakuwa amekutana na mtu mwenye masikio. Mzee akasema hapana, mdogo kwake ni Mwalimu, na Mwalimu hajanywa." Akafuta meza mahali pasipo uchafu. "Saa nane ilipogonga akauweka. Ramadhani akasema tungoje kidogo. Mzee akasema ni sheria ya Mwalimu."

Hakusema kwa hasira, anasema Mama Zena. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Sikukaa. Sikula. Nikaiwasha kuelekea Biharamulo. Nilihesabu: nusu saa nitakuwa nyuma yao. Kilometa tano hivi kutoka njia panda cheni ikakatika. Ikajikunja kwenye gurudumu la nyuma, ikanitupa kwenye nyasi. Goti limechunika, basi. Cheni ya Jumatatu.

Nimeisukuma hadi hapa. Fundi kaunga cheni kwa loki kuukuu, kamaliza jua likizama. Kanikataza kwenda mbali. Na sheria nayo inakataza.

Mimi ni mjinga mwenye msamiati. Hakuna jina jingine.

Jumapili, 9 Juni

Nilimpigia saa kumi na mbili. Akapokea. Nyuma yake sauti za watu wakifunga turubai, kuku kwenye tenga, mjukuu analia.

"Mwalimu! Uko wapi?"

Maneno sita yalikuwa mdomoni. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Shikamoo kaka, jana pale Benaco kulikuwa na lori, dereva hana hata pembetatu, sasa mimi nikasema haiwezekani, kwa sababu kimsingi…"

Nikaendelea. Nilijisikia nikiendelea. Nilikuwa namweleza jinsi nilivyolaza matawi. Nilimweleza na idadi.

Akavuta pumzi ndefu. "Ulifika salama?"

"Nilifika."

"Inatosha basi, mdogo wangu."

Kuna mtu akamwita. Akakata. Nilipiga tena, haipatikani. Nikapiga tena. Wakati huo lori lao lilikuwa limeshaondoka Biharamulo. Lisingeweza kwenda Songea bila kupita pale njia panda ya Lusahunga. Nikatoka nikasimama barabarani.

Yalipita malori mengi. Moja lilikuwa na kitanda, makabati na tenga la kuku juu, na mzee mwenye kofia ya sufu kwenye kiti cha mbele, kichwa kimelala dirishani, amesinzia. Nilipunga mkono. Dereva alinipigia honi nitoke njiani.

Nikatoka njiani.

Nimerudi Ngara polepole, cheni ikilia. Kona ya Benaco lori halipo. Matawi bado yapo, hakuna aliyeyaondoa. Magari yanayakwepa, yanahamia upande wa wanaopanda. Nikashuka, nikayatoa moja moja nikayatupa mtaroni. Hakuna aliyenitazama.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefundisha. Mwanafunzi mmoja kauliza swali, la kwanza mwaka huu. Nimemjibu kwa neno moja. Darasa likatazamana.

Zile kurasa saba sikuzipeleka.

Jumanne, 11 Juni

Baada ya vipindi nimekwenda Murukulazo kwa mguu mpaka njia panda, halafu kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda. Nyumbani kwa marehemu Sabas. Sijafika pale tangu matanga.

Mjane, Mama Koleta, alikuwa uani na ungo wa maharage mapya, anatoa mawe. Aliinuka. "Shikamoo, Mwalimu." Akaniletea kiti kutoka ndani, akakifuta kwa upande wa khanga. Nikakaa. Akarudi kwenye mkeka wake.

Nikamwambia. Si maneno sita, yalikuwa mengi zaidi kidogo. Saa nane, mrija, saa kumi na moja. Kwamba Sabas alitazama jua mara mbili. Kwamba waraka niliousoma pale uani kwake ulikuwa uongo, na niliujua kuwa uongo nilipokuwa nausoma. Kisha nikanyamaza. Sikuongeza.

Mikono yake haikusimama. Jiwe, jiwe, harage bovu.

Akasema, "Mzee Faustini alikuja mwezi uliopita kuniaga. Alikuja na mche wa kahawa." Akanyoosha kidole bila kutazama. Uko pale, kando ya jiko, umezungushiwa miti ili mbuzi asile. "Nilimwacha akasimama. Sikumpa kiti."

Nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Ningejua la kufanya.

Akaendelea kuchambua.

Nikainuka kwenye kiti chake nikakaa chini, pembeni ya mkeka. Aliniangalia. Akanyanyuka, akachukua kiti, akakirudisha ndani. Alipotoka alikaa palepale. Baadaye akausogeza ungo kidogo, ukawa katikati yetu.

Tulitoa mawe mpaka ungo ukaisha. Akamimina mwingine.