Moshi Haufike mu Kichwa ya Samaki

Mujukuu wangu Daniele,

Mungu akulinde kule Lusaka. Huku Nchelenge tuko bazima, lakini barua yako imenichoma. Unauliza kama tantini Feza, shangazi yako, alimuloga kambo yako, ni kusema babu yako, marehemu mume wangu, maana kansere ya tezi ilipona shingoni ikarudia mu kichwa.

Hapana! Munganga wa hospitali alitueleza: chembe zingine za kansere ziligeuka, hazikufanana tena na za kwanza, zikajificha mu ubongo, fasi ile, mahali dawa haifike vizuri.

Nikiwa kijana, mie na rafiki yangu tulikausha samaki kwa moshi kule Mununga, kando ya ziwa. Moshi ulimaliza vidudu, tukafurahi. Vikarudia. Wenzetu wakasema rafiki yangu ni mulozi, wakamufukuza pwani, nami nikanyamaza. Kesho yake nilipasua samaki: vidudu vilikuwa mu kichwa, fasi moshi haufike. Rafiki yangu alikuwa ameshaenda.

Leo baba yako mudogo anarudilia upumbavu ule ule, anamuita Feza mulozi! Feza ndiye mwenye alimuosha kambo yako kila asubui. Baba yako mudogo, yeye alikuwa wapi?

Feza anaishi kwangu sasa. Watu wakikuja kumufukuza, safari hii watanikuta mie mulangoni.

Kambo yako mwanamuke,
Mama Ana