Mama Mdogo Alizima Friza, Kisha Akaapa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, ingawa sikuwahi kudhani ningemwandikia mtu nisiyemjua habari za mapera. Nina miaka ishirini na sita, ni mkutubi, naishi na mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba kwa mshahara wa mpishi wa shule, na mwaka jana alistaafu. Nyuma ya nyumba tuna mipera mitatu ambayo msimu huu ilizaa kama inayoshindana, tukala, tukagawa, majirani wakaanza kujificha wakituona na ndoo, mwisho nikasema tugandishe, nikasoma namna ya kufanya, tukamenya, tukakwangua mbegu, tukatandaza vipande kwenye sinia vigande kimoja kimoja visishikane, ndipo tukavitia kwenye mifuko na kukamua hewa, yeye akiandika tarehe juu ya kila mfuko kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mifuko arobaini na mmoja, wiki tatu, na sijawahi kuwa na furaha kama hiyo ndani ya nyumba hii.

Kabla ya kwenda semina ya siku nne niliacha ndani ya friza kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu nikaweka kifungo kilichong'oka kwenye koti la zamani la marehemu mama, kwa sababu friza ikizimika barafu huyeyuka na kifungo huzama, na hata maji yakiganda tena utakikuta chini. Niliporudi Jumapili kilikuwa chini kabisa, mshauri, na mapera yameshikana bonge moja. Nikamuuliza mama mdogo, "Mama, umeme ulikatika?" Akasema haukukatika. Fundi redio wa jirani naye akasema, "Hata sekunde moja, dada! Redio zangu zimeimba siku zote nne mpaka mke wangu kahamia jikoni." Nikarudi ndani.

"Basi nani alichomoa friza?"

"Mimi sijaigusa."

"Mama, tuko wawili tu humu."

"Naapa kwa kaburi la mama yako, sijaigusa!"

Kaburi la mama yangu! Mtu aliyenichapa nikiwa na miaka minane kwa uongo wa kijiko cha sukari ananitazama usoni na kuapa hivyo kwa ajili ya soketi! Nikamwita mwongo. Neno hilo nililitamka. Akakigeuzageuza kifungo kiganjani, akauliza ni cha koti la nani, na nilikuwa nimeshamjibu mara mbili ndani ya saa hiyohiyo. Nilipobandua mifuko nikakuta na kejeli juu yake: ile ya wiki ya mwisho ameiandika mwaka niliokuwa darasa la tatu, bila shaka kumcheka msomi anayetaka kila kitu kiwe na tarehe. Siku nne sasa hatusemeshani. Jumamosi wapishi wenzake wa zamani wanakuja, na anataka kuwasagia juisi ya mapera hayohayo, nimemsikia kwenye simu akisema hayana neno. Je, nimuumbue mbele yao, au nihame kimyakimya?

Mimi Niliyedanganywa

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, nimeomba barua yako ichapwe leo Ijumaa. Wengine mliokuwa kwenye foleni mnisamehe. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliiweka mezani nikasimama. Hukudanganywa. Nawe mkutubi mzima, kazi yako si kusoma?

Anayetaka kukukejeli huandika mwaka wa uongo kwenye mfuko mmoja, akasubiri ucheke. Haandiki mfuko baada ya mfuko, kwa mwandiko safi, mwaka uliokuwa bado unavaa sare ya darasa la tatu. Anayeandika hivyo anaamini ndio mwaka wenyewe. Huenda alichomoa friza apige pasi, akaikumbuka baada ya siku mbili, akachomeka tena, na sasa hana habari. Aliapa kwa moyo mweupe. Na aliulizia koti la dada yake wa tumbo moja mara tatu, wewe ukahesabu mara badala ya kushtuka!

Pole. Najua tunaoishi na mtu ndio tunaochelewa kumwona. Lakini pole haitoshi, kuna kazi.

Mapera yote tupa leo. Tunda lililoyeyuka siku usiyoijua likaganda tena, mgeni hapewi. Hifadhi mifuko miwili mitupu, mmoja wa wiki ya kwanza na mmoja wa mwisho, umwonyeshe daktari. Jumatatu usiende kazini, mpeleke hospitali. Kusahau kuna sababu nyingi na baadhi hutibika, kwa hiyo usianze kumlilia mtu aliye hai. Ukitoka nyumbani, funga mtungi wa gesi. Hilo usilisahau wewe.

Wapishi waje, wapewe chai. Mmoja anayempenda zaidi mvute pembeni umuulize ameona nini. Wamesimama naye kwenye masufuria miaka mingi. Huenda wanajua jambo na wamekuwa wakikusubiri uulize.

Kuhama? Alikuchukua ukiwa na miaka saba, usiyejua kufunga kamba za viatu. Hakuhama.

Kama mipera bado ina matunda, yachumeni. Yeye amenye, wewe uandike tarehe. Na jioni hii, kabla ya yote, mwombe radhi kwa neno lile bila kumweleza habari za barafu. Akikuuliza tena kifungo ni cha koti la nani, mwambie, "Cha dada yako, Mama." Mwambie kama ndiyo mara ya kwanza kuulizwa, leo, kesho, na kila atakapouliza.